Koti Linavuja au Ni Jasho Lako? Tuelewane Kuhusu Makoti ya Mvua ya Porini

Desemba ya mwaka juzi mzee mmoja alirudi mezani kwangu pale soko la Sabasaba, Dodoma mjini, kashika koti kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba panya. Mimi nauza makoti ya mtumba na nina cherehani pembeni, nabadilisha zipu, nashona mabegi, mahema, chochote kinachopita chini ya sindano. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka, halafu akasema, "Fundi, koti lako linavuja. Nimelowa mpaka singlendi."

Huyu mzee anafuata nyayo kwenye kitalu kimoja cha uwindaji upande wa Rungwa, kule Manyoni. Kazi yake ni kutangulia mbele ya mwindaji bingwa na mgeni wake, aangalie mbogo kapita wapi na kapita saa ngapi. Msimu unaanza Julai tarehe 1, kiangazi kikavu, hakuna anayewaza koti, ila ikisogea Novemba na Desemba mvua za kwanza zinawakuta hukohuko na hapo ndio kila mtu anakumbuka Sabasaba. Koti lenyewe nilimuuzia elfu thelathini na tano, lebo inasema wotapruf kwa herufi kubwa, na mimi mwenyewe nilimwapia kwamba hilo halipitishi tone.

Sikubishana naye. Nikageuza mkono wa koti nje ndani, nikaufunga mwisho kwa kamba, nikamimina maji mpaka nusu, tukautundika kwenye msumari na karatasi ya chooni chini yake, tukaagiza chai na chapati. Chai ikaisha. Karatasi kavu kabisa. Mzee akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akauliza, "Sasa yale maji yalitoka wapi?" Nikamwambia yalitoka kwako mzee wangu. Nusura aondoke na chapati yangu kwa hasira.

Tangu siku hiyo nimekuwa naulizwa swali hilohilo na watu tofauti, waenda porini wenye vibali vyao, warina asali, askari wanyamapori, hata watu wa bodaboda, na kila mtu ana lugha yake ya kulalamika ila tatizo ni moja, tunatumia neno moja, wotapruf, kwa vitu vitatu. Ngoja nivitenganishe.

Kuna kitambaa kinachohimili manyunyu. Hiki kimepakwa dawa juu ambayo inafanya maji yawe vidonge na kuteleza, kama yanavyofanya juu ya jani la mgimbi. Kinakupa dakika chache za heshima, mvua ikikaza kinalowa. Makoti mengi ya upepo yako hapa na wauzaji wengi (nikiwemo mimi miaka ya nyuma, nakiri) tunayaita ya mvua.

Kuna kitambaa kinachozuia maji kabisa, maana yake ndani kuna safu nzima isiyopitisha, iwe ni mpira, plastiki, au utando mwembamba uliogandishwa nyuma ya kitambaa. Na kuna kitambaa kinachozuia maji HALAFU kinapumua, yaani mvua haiingii lakini mvuke wa jasho lako unaruhusiwa kutoka. Hili la tatu ndilo linalouzwa bei mbaya na ndilo lenye uongo mwingi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kuzuia maji sio kazi ngumu hata kidogo. Mskochi mmoja, Charles Macintosh, alipata hataza mwaka 1823 kwa kubandika mpira katikati ya vitambaa viwili, na maji hayakupita. Shida ni kwamba makoti yale ya mwanzo yalikuwa yananata kwenye joto, yananuka, na aliyevaa alikuwa anaoga jasho lake mwenyewe. Hilo la jasho watu wakaishi nalo miaka mia na zaidi. Halafu mwaka 1969 Mmarekani anaitwa Bob Gore akawa anahangaika na PTFE, ambayo ni ileile Teflon ya kwenye kikaango kisichogandisha mayai, akaipasha moto na badala ya kuivuta polepole akaivuta ghafla, ikarefuka sana na ikabaki imejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndio mwanzo wa Gore-Tex, makoti yakaanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, na baadaye kampuni nyingine kibao zikatengeneza tando zao.

Vitundu vyenyewe fikiria chandarua. Hewa inapita, mbu hapiti kwa sababu ya umbo lake. Tone la mvua ni mbu, mvuke ni hewa. Mpaka hapo inaeleweka na ni kweli. Sasa tatizo ni kwamba watu wanadhani kwa kuwa vitundu vipo basi jasho litatoka tu lenyewe, kama vile mlango ukiwa wazi lazima watu watoke.

Mtungi ndio unaojua ukweli

Wote tuliolelewa na bibi tunaujua mtungi. Kiangazi, Septemba hivi, upepo mkavu wa Dodoma unavuma, maji ya mtungini yanakuwa ya baridi unayanywa mpaka meno yanauma. Kwa nini? Kwa sababu udongo una vitundu, maji yanajipenyeza nje kidogo kidogo, hewa kavu inayanyakua, na yakiondoka yanaondoka na joto. Sasa njoo Januari mvua imeshika, mtungi uleule, pale pale kwenye kona, maji yana uvuguvugu. Vitundu havijaziba. Hewa ya nje imeshajaa unyevu, haina pa kuweka mwingine.

Koti linalopumua ni mtungi. Mvuke hautoki kwa kuwa mlango upo, unatoka kwa sababu ndani kuna joto na unyevu mwingi kuliko nje. Kwenye nchi za baridi, nje nyuzi joto 5, ndani ya koti karibu 30, tofauti ni kubwa, mvuke unasukumwa nje kwa nguvu. Ulaya huko koti linafanya kazi karibu kama lebo inavyosema. Lakini wewe uko Manyoni saa nane mchana, mvua imetoka kupiga nusu saa, jua limerudi, ardhi inafuka, nje 27 na hewa imejaa unyevu, ndani ya koti una 33 unatembea kwa haraka na begi mgongoni. Tofauti iko wapi? Mvuke unafika kwenye kitambaa, unakosa pa kwenda, unageuka matone upande wa ndani kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali. Unapapasa, unakuta maji, unasema fundi kaniuzia koti bovu.

Na hata tukisema hali ya hewa ni nzuri, hesabu yenyewe haikubali. Kwenye lebo za makoti ya maana utakuta namba kama 10,000, hiyo ni gramu za mvuke zinazoweza kupita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24 maabara. Koti la mtu mzima chukulia lina mita ya mraba moja na nusu. Kwa hiyo ni kilo 15 kwa siku, sawa na kama lita 0.6 kwa saa, hapo ni maabara, kila kitu kimepangwa kipendeze. Mtu anayepanda mlima na mzigo kwenye joto letu kutoa jasho lita moja kwa saa sio ajabu. Kilichobaki kinakaa na wewe. Tena makampuni hayapimi kwa njia moja, kuna vipimo vya aina kadhaa, 20,000 ya huyu inaweza kuwa chini ya 15,000 ya yule, kwa hiyo kulinganisha namba za kampuni mbili tofauti ni kama kulinganisha debe la mahindi na gunia la mkaa.

Simaanishi yote ni utapeli. Asubuhi ya baridi, au mmekaa mnasubiri kwenye maji bila kutembea, koti hilo linakufaa vizuri tu. Ila kwa anayetembea kilomita 15 kwenye pori la katikati ya Tanzania, kinachoondoa jasho mwilini ni upepo. Zipu za kwapani zinazofunguka mpaka ubavuni, koti pana lisilobana, kifua kinachofunguka mpaka chini, au poncho, lile vazi la mvua kama shuka lenye tundu la kichwa, ambayo chini iko wazi kabisa. Tundu moja la kwapani lina kazi kuliko mabilioni ya vitundu vya maabara, nasema hivyo kama mtu ambaye nimeyafumua makoti haya na kuyashona upya.

Ile namba nyingine

Lebo huwa na namba mbili, hii ya pili inaandikwa kwa milimita na inahusu maji kuingia. Wanachukua bomba, wanalisimamisha juu ya kitambaa, wanajaza maji mpaka kitambaa kianze kutoa matone upande wa pili, wanasoma urefu. Milimita 10,000 ni maji yenye kimo cha mita kumi yaliyosimama juu ya kitambaa chako. Mwenye simtank anaelewa, ukilinyanyua juu ya mnara bomba la chini linapiga kwa nguvu, ukiliweka chini linachuruzika.

Mvua yenyewe haina kishindo kikubwa namna hiyo, hata kitambaa cha 1,500 au 3,000 kinaimudu kikiwa kipya. Kinachosukuma maji yapite ni wewe. Ukipiga goti kwenye tope kuangalia kwato, ukikaa kwenye gogo lililolowa, mkanda wa begi unapokandamiza bega, hapo ndio namba kubwa inakuwa na maana. Kwa hiyo ukiona mabega na makalio ndio yamelowa na kwingine kavu, basi kweli safari hii koti limeshindwa, sio jasho. Ukiona kifua, mgongo na mikono ya ndani ndio imelowa yote kwa usawa, hilo ni jasho, usinifuate.

Halafu mishono. Kila sindano inapopita inaacha tundu, na koti lina matundu maelfu. Ndio maana koti la kweli lina utepe uliobandikwa kwa ndani juu ya kila mshono. Hakuna utepe, hakuna koti la mvua, hata kitambaa kiwe cha mwezini. Na hapa nijishitaki mwenyewe, mtu akiniletea koti limechanika na mwiba akaniambia nishonee, nikilishona kwa cherehani nimeziba tundu moja nimefungua arobaini. Linatakiwa kiraka cha kubandika, pande zote mbili ikiwezekana.

Nyepesi na imara, hawa hawapatani

Kila anayekuja anataka koti jepesi linaloingia mfukoni na lisichanike. Ndugu zangu, hivyo viwili vinavutana. Uzito wa uzi unapimwa kwa denia, ambayo ni gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kitambaa cha denia 20 maana yake kilomita tisa za uzi wake zina uzito wa gramu 20, yaani uzi kama wa buibui. Kinakunjwa kinakaa kwenye kiganja, unasahau kama unacho. Halafu ukipita kwenye kichaka cha Itigi au kwenye migunga mara moja tu, umerudi na matambara. Ukienda denia 70 na kuendelea miba inakwaruza haiingii kirahisi, ila mzigo umeongezeka na kukauka kunachukua muda.

Katikati ya hapo kuna kitambaa chenye miraba midogo midogo kama daftari la hesabu. Ile miraba sio urembo, ni nyuzi nene zilizopitishwa kila baada ya milimita chache, mwiba ukitoboa, mpasuko ukitembea unafika kwenye uzi mnene unasimama. Mimi nikichagua la porini naanza na hiyo miraba, denia 30 mpaka 40, hapo angalau unapata usuluhishi.

Kuna nailoni iliyolowekwa silikoni, inateleza kama samaki, nyepesi sana, na kwa uzito wake ina nguvu kuliko unavyoidhania. Poncho nzima ni kama gramu 300. Haipumui hata kidogo na haijifanyi kupumua, nampenda mtu mkweli. Shida yake utepe wa mishono haugandi juu ya silikoni, ila ukipaka silikoni ya kuzibia madirisha ya vioo, kidogo tu, ukaisambaza kwa kidole juu ya mishono na kuiacha usiku mzima, imekwisha.

Na lile koti zito la plastiki la bodaboda? Halipitishi maji mpaka lichanike, bei rahisi, ila linafika karibu kilo, lina joto la tanuri, na kila hatua linapiga kelele. Porini kelele ni kila kitu. Hata nailoni nyepesi ina ule mchakacho wa karatasi ya pipi, mnyama kama pofu atakusikia kabla hujamwona. Makoti ya wawindaji ya Ulaya yanafunikwa kitambaa laini juu ili yanyamaze, mazuri kweli, lakini kile kitambaa kinakunywa maji na ikifika jioni umebeba ndoo. Wengi wanaotembea sana wanafanya hivi, mvua ikipiga wanavaa na kusimama, ikipungua wanavua na kuendelea. Mvua yetu ya huku inasaidia, sio ya siku tatu mfululizo kama ya Bukoba, inakuja kwa fujo, inamaliza, inaondoka. Ila usisimame chini ya mti mrefu peke yake, radi haiulizi una kibali.

Rangi watu wanaichezea. Wanyama wengi wenye kwato hawaitofautishi nyekundu na kijani kama sisi, kwa hiyo mtu wa Simba asiogope. Rangi ya kuogopa ni bluu na nyeusi, kwa sababu ya mbung'o. Mitego ya mbung'o inayotundikwa mapori mengi ni vitambaa vya bluu na nyeusi, sio bahati mbaya, ndizo rangi zinazowavuta. Sasa wewe ukinunua poncho la bluu ukaenda nalo Rungwa umejigeuza mtego unaotembea. Chukua kijani kibichi cha jivu au kahawia.

Na ya mabakamabaka ACHA. Mitumba inakuja nayo mengi, ni mazuri, ni imara, na kwa raia yana kesi. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku saba watu wasalimishe nguo zinazofanana na za jeshi. Mimi nikiyakuta kwenye belo siyaweki mezani.

Ukiwa mezani kwangu au kwa mwingine yeyote

Geuza koti nje ndani kwanza, bei baadaye. Angalia utepe wa mishono, kama umeanza kunyanyuka kama gamba la kidonda achana nalo. Sugua ndani kwa kidole gumba, kama kuna unga mweupe au vipande vinabanduka au pananata, ile safu ya plastiki imeoza. Hiyo inaoza kwa joto, unyevu na miaka, hata kama koti halijawahi kuvaliwa, na haitibiki, hakuna dawa. Linusie pia, likinuka kama kitu kichachu ni dalili hiyohiyo. Halafu weka mdomo kwenye kitambaa upulize, pumzi ikipita moja kwa moja hilo ni la upepo sio la mvua. Mwisho omba maji kikombe kimoja, tengeneza kishimo kwenye kitambaa, mimina, karatasi chini, subiri dakika tano. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Wengine wanatupa koti zima kwa sababu juu limeanza kulowa. Hapo mara nyingi ile dawa ya kuteleza ya juu ndio imechoka, kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito na cha baridi na mvuke wako ndio unakosa kabisa njia. Safu ya ndani bado nzima. Lifue kwa sabuni laini, sio ya unga na sio ile ya kulainisha nguo, suuza mpaka maji yawe meupe, anika kivulini maana jua la Dodoma linakula nailoni, likishakauka pitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine kama lebo inaruhusu. Joto linaiamsha ile dawa. Nasema pasi ya umeme jamani, nilishajaribu ya mkaa na koti la mteja likaingia kwenye pasi badala ya pasi kupita kwenye koti.

Ndani vaa poliesta, hata jezi ya mpira inatosha. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa zinakaa na maji siku nzima, na maji yanatoa joto mwilini kama mara 25 kuliko hewa, ndio maana mtu anaweza kutetemeka Manyoni usiku wakati mchana alikuwa anaungua. Miguu siizungumzii, italowa tu. Gambuti likiingiza maji kutoka juu halina pa kuyatolea, bora raba inayochuja.

Yule mzee tulimalizana vizuri. Nikamwonyesha poncho la silikoni la kijani, akalivaa juu ya begi lake, akazunguka nalo pale sokoni watu wanamcheka, akaongeza elfu tano tukabadilishana. Lile koti lake nililibakiza mimi. Nalivaa asubuhi nikija Sabasaba na bodaboda, nimekaa tu nyuma, upepo unapiga, mvua inanyesha, na nafika kavu kabisa.